Amekosa nafasi ya udaktari wa meno: Achague kozi gani ya sayansi?

BARUA ya juma hili imetoka Sigalame, huko Samia katika Kaunti ya Busia. Aliyeiandika ni msichana aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka jana. Amekubali tuichapishe bila jina lake, nami nimeifupisha kidogo.

"Daktari, pokea salamu nyingi. Tangu nikiwa darasa la sita nimetaka kuwa daktari wa meno. Katika mtihani nilipata A- katika Biolojia, B+ katika Kemia, B katika Hisabati na B+ katika Kiingereza. Fizikia niliiacha nilipomaliza kidato cha pili. Nafasi ya udaktari wa meno sikuipata. Nimeitwa chuoni kusomea shahada ya sayansi ya jumla. Naomba unieleze nichague masomo gani huko ili nikiomba udaktari wa meno mara ya pili nisikataliwe. Binamu yangu aliye Texas anasema nichague shahada yoyote mradi nisome kemia nyingi. Baba naye anasema atauza shamba lililo kando ya barabara nikasome ng'ambo ya mpaka, kwani kuna mtu Malaba aliyemwambia huko hawaangalii alama sana. Nishike la nani? Tena mdogo wangu anaingia Gredi ya 10 na anataka kuacha Fizikia kama mimi. Nimwambieje?"

Swali hili si la msichana mmoja. Kila matokeo ya mtihani yanapotoka napokea barua za namna hii, na nyingi huja zikiwa zimechelewa, mzazi akiwa ameshalipa karo mahali ambapo hakupaswa kulipa. Huyu ameuliza mapema. Basi nitamjibu kwa urefu.

Nianze na binamu wa Texas, maana ushauri wake si wa uongo ila ni wa nchi nyingine. Kule Marekani mtu haingii chuo cha udaktari wa meno akitoka shule ya sekondari. Kwa kawaida husoma kwanza shahada ya miaka minne, katika somo lolote alipendalo, hata historia au muziki. Ndani ya miaka hiyo hulazimika kuchukua masomo fulani ya sayansi pamoja na kazi zake za maabara: biolojia, kemia ya msingi, kemia ya misombo ya kaboni, fizikia, na katika vyuo vingi baiokemia pia. Kisha hufanya mtihani wa kitaifa uitwao DAT. Sehemu ya sayansi ya mtihani huo ina maswali 100: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya msingi na 30 ya kemia ya kaboni. Ukiangalia hesabu hiyo utaona mbona binamu anasisitiza kemia. Zaidi ya nusu ya maswali ni kemia.

Huku kwetu mlango wa kwanza uko kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kazi hii alilazimika kwenda ng'ambo. Muhimbili, Dar es Salaam, walifuata mwaka wa 1979 na Makerere mwaka wa 1982. Siku hizi Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kinafundisha. Katika vyuo vyote hivi mwanafunzi huingia moja kwa moja kutoka sekondari na kusoma miaka mitano. Baada ya hapo hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya wakubwa wake kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mwanafunzi hapewi miaka minne ya kujaribu masomo ya hapa na pale. Uchaguzi wa masomo ambao Mmarekani huufanya akiwa na miaka 20, mtoto wa Sigalame huufanya akiwa na miaka 15 au 16, siku anapoambiwa achague sayansi zake mwishoni mwa kidato cha pili. Mara nyingi huufanya kwa kuangalia mwalimu yupi ni mkali.

Alama 40 kati ya 48

Masharti ya udaktari wa meno nchini Kenya ni B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Msichana wetu ametimiza yote. Mbona basi hakuitwa?

Hakuitwa kwa sababu B ni kizingiti tu, na waliosimama mlangoni ni wengi kuliko viti vilivyomo ndani. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9. Jumlisha zake: Biolojia 11, Kemia 10, Hisabati 9, Kiingereza 10. Jumla ni 40 kati ya 48. Mwenzake aliyepata A moja na A- tatu katika masomo hayo manne ana 45. Huenda hao wawili wana daraja moja la jumla kwenye cheti, kwa kuwa huyu wa 40 alifanya vizuri sana katika Historia, Dini na Kilimo. Lakini idara ya KUCCPS inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo huyapa uzito mkubwa masomo manne yanayohusiana na kozi. Pointi za Historia humsaidia mtu katika daraja la jumla, hazizibi pengo la Hisabati.

Tazama tena matokeo yake. Pengo ni Hisabati. Na hapa ndipo kuacha Fizikia kulipomgharimu, kwani sheria inasema Hisabati au Fizikia. Mwenye masomo yote mawili hutumia lililo bora. Aliyeacha moja amebaki na kamba moja tu kisimani, ikikatika hana nyingine.

Kuna atakayeuliza mbona asirudie mtihani. Anaweza. Ila ajue kwamba kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027, kwa hiyo nafasi ya kurudia si ya miaka mingi. Tena arudie ikiwa tu anaweza kuonyesha pointi nne au tano zitatoka wapi. Kurudia masomo yote ili kuinua Hisabati pekee kutoka B hadi A, bila mwalimu mpya wala njia mpya ya kusoma, ni kujaribu bahati.

Ganzi isiyoshika

Kabla ya kutaja kozi, nataka msomaji aelewe kwa nini vyuo vinayashikilia masomo haya. Wengi hufikiri ni vikwazo vilivyowekwa ili kupunguza watu. Kama ingekuwa hivyo wangeweza kutumia somo lolote gumu.

Fikiria mvuvi wa Sio Port aliyekaa na gego bovu la chini kwa majuma matatu, akitafuna karafuu na kumeza vidonge vya duka. Anapofika kwa daktari shavu limevimba na kuna usaha. Daktari anadunga sindano ya ganzi karibu na jino, anangoja dakika kumi, anagusa kwa koleo, na mgonjwa anaruka kutoka kitini. Anadungwa tena. Anaruka tena. Akitoka hapo atawaambia watu wa ufuoni kwamba dawa za hospitali ile zimepitwa na wakati, au kwamba yeye damu yake haikubali ganzi. Nimewasikia wagonjwa wakisema hivyo mara nyingi sana.

Dawa haina kasoro, na damu yake haina neno. Jibu liko katika kemia ya kidato cha tatu. Ganzi inayotumika sana, lignokeini, inapokuwa mwilini huwa na chembe za namna mbili: zenye chaji ya umeme na zisizo na chaji. Neva imefunikwa na utando wenye mafuta, na ni zile chembe zisizo na chaji tu zinazoweza kupenya utando huo. Katika mwili mzima, ambapo kipimo cha asidi, yaani pH, ni 7.4, karibu robo ya dawa huwa katika hali hiyo ya kupenya. Lakini mahali penye usaha pana asidi zaidi. Kipimo kikishuka hadi 6.4, sehemu inayoweza kupenya hushuka hadi takriban asilimia 3. Daktari anaweza kudunga mara nne pale pale na asipate chochote isipokuwa kumtia mgonjwa hofu.

Afanye nini basi? Aondoke penye usaha. Neva inayolisha meno ya chini huingia katika mfupa wa taya upande wa ndani, nyuma kabisa, mbali na lile gego. Daktari aliyeisoma anatomia yake vizuri huifuata neva huko nyuma, ambako hakuna usaha, na kuifunga kabla haijafika kwenye jino. Kemia imemwambia kwa nini sindano ya kwanza haikushika, na anatomia imemwonyesha pa kudunga ya pili. Aliyekariri tu maelezo ya kung'oa jino hubaki akiongeza dawa.

Na kuongeza dawa nako kuna mpaka wake, ndiyo maana wakataka Hisabati. Kichupa cha lignokeini ya asilimia 2 chenye mililita 1.8 kina miligramu 36 za dawa, kwa kuwa kila mililita ina miligramu 20. Kwa mtoto, kipimo cha tahadhari kinachotumiwa na wengi ni kutozidi miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 asipewe zaidi ya miligramu 66. Vichupa viwili ni miligramu 72. Msomaji ameona? Vichupa viwili, ambavyo kwa mtu mzima si kitu, vimempita mtoto huyu. Ganzi ikizidi huenda mtoto akapatwa na degedege akiwa pale pale kitini, na moyo wake ukaathirika. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu, lakini hufanywa huku mtoto akilia, mama akilia, na foleni ikiwa imefika mlangoni.

Biolojia sina haja ya kuitetea sana. Nitataja jambo moja linalotuhusu sisi wa mpakani. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, kuna watu humpeleka kwa mganga anayemfungua kinywa na kuonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali chonge litakapoota. Ng'ambo Uganda huita hali hiyo ebino, Tanzania husema meno ya nailoni. Mganga huchimba na kutoa kitu kidogo cheupe na kukiita mdudu au jino baya. Kile alichokitoa ni chipukizi la jino la utotoni, na mara nyingi huharibu pia jino la ukubwani linaloumbika chini yake. Kifaa kichafu huingiza viini katika damu, na kuna watoto waliokufa. Mtaalamu anayejua jinsi jino linavyoumbika anaweza kumketisha nyanya ya mtoto na kumweleza, kwa lugha ya nyumbani, kile uvimbe ni nini. Hapo ndipo msichana wa Sigalame angefaa kuliko daktari anayepita tu.

Fizikia nayo imo: taya na koleo ni nyenzo, na mashine ya eksirei hutii kanuni kwamba ukiongeza umbali mara mbili nguvu ya miale hubaki robo. Kwa hiyo mhudumu anayejua fizikia husimama mbali, naye asiyejua hushika filamu kwa kidole chake mwenyewe mwaka baada ya mwaka.

Kozi ya kuchagua

Sasa tuje kwa shahada aliyoitiwa. Mlango wa pili wa udaktari wa meno upo. Vyuo vyetu hupokea waombaji wachache ambao tayari wana shahada ya sayansi inayohusiana, na kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni daraja la pili la juu au zaidi. Mlango huu ni mwembamba. Tena anayeupitia kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari. Miaka 4 ya shahada ya kwanza, 5 ya udaktari, 1 ya hospitali: jumla ni 10. Aliye na miaka 19 leo atakuwa na 29. Kwa maoni yangu miaka 29 si uzee, lakini ni vyema aijue hesabu hiyo kabla ya kuanza safari.

Kosa ninaloliona kwa wanafunzi wengi wa njia hii ni kuchagua shahada kana kwamba ni ngazi tu ya kupandia, kitu cha kutupwa baadaye. Mlango wa pili usipofunguka, na kwa wengi haufunguki, hubaki na cheti ambacho hakiwapi kazi. Kwa hiyo namshauri achague shahada atakayoweza kuishi nayo.

Kwa kipimo hicho, shahada ya sayansi ya jumla ndiyo dhaifu kuliko zote alizo nazo mbele yake. Ndani yake mwanafunzi anaweza kujikuta amepitisha miaka minne katika elimu ya mimea, wadudu na mazingira. Hizi si sayansi za kudharau. Aliye karibu na Ziwa Victoria anajua faida ya mtu anayeelewa samaki na magugu-maji. Lakini jopo linalochagua wanafunzi wa meno litauliza: huyu ameusoma mwili wa binadamu wapi?

Kama nafasi ya kuhama kozi bado ipo, ningemwelekeza kwenye sayansi ya maabara ya tiba. Ina anatomia, fiziolojia, baiokemia, elimu ya viini, ya damu na ya kinga ya mwili, yaani sehemu kubwa ya miaka miwili ya kwanza ya udaktari wa meno. Na la muhimu zaidi, mhitimu wake husajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara na anaweza kufanya kazi Busia, Alupe au Nangina hata kama hatashika koleo maishani mwake. Ya pili ningeitaja baiokemia. Hii humpa mtu kemia imara kuliko nyingine zote, lakini leseni ya kazi haimpi. Biolojia ya tiba na elimu ya viini zinafuata.

Akishindwa kuhama asikate tamaa. Katika vyuo vyetu masomo mengi ya kila kozi yamepangwa tayari, tofauti na kule kwa binamu, lakini kuanzia mwaka wa pili na wa tatu huwa kuna machache ya hiari. Hapo achague fiziolojia ya binadamu kabla ya fiziolojia ya mimea. Achukue baiokemia yote inayotolewa, kemia ya kaboni pamoja na maabara yake, elimu ya viini, kinga ya mwili, na jenetikia. Halafu achukue takwimu. Najua takwimu haipendwi. Lakini huyu ana B katika Hisabati, na atakayeisoma hati yake ya matokeo ataiona B hiyo kwanza. Takwimu yenye A katika mwaka wa pili ndiyo jibu la B ile, na hakuna barua ya maombi itakayolijibu vizuri zaidi. Kama chuo kinaruhusu asome fizikia ya msingi, asome pia, hasa ikiwa siku moja atataka kumfuata binamu yake, kwani kule bila fizikia hapiti.

Asirundike masomo mazito katika muhula mmoja ili aonekane shujaa. Somo lenye maabara mbili kwa juma hula siku nzima, na ukiwa nayo matatu utaandika ripoti za maabara saa nane za usiku. Nimeona mwanafunzi hodari akianguka baiokemia kwa sababu aliichukua pamoja na kemia ya kaboni na anatomia, na ule mtihani wa kurudia ukabaki kwenye hati yake. Somo gumu lenye B+ lina uzito kuliko jepesi lenye A, hilo ni kweli, ila somo gumu lililorudiwa halina uzito wowote.

Likizo zake azitumie katika chumba cha meno. Aende hospitali ya rufaa ya Busia au iliyo karibu naye aombe kuangalia na kusaidia kazi ndogo. Ataona usaha, ataona damu, atanusa harufu ya kinywa kilichooza, naye atajua kama kweli anaitaka kazi hii au alilipenda koti jeupe tu. Wengine hugundua hivyo katika mwaka wa tatu, karo ikiwa imeshalipwa. Mikono nayo huhitaji mazoezi. Wanafunzi wa meno huchonga umbo la kila jino kwa nta mpaka lifanane na la mtu, na kwa miaka mingi mtihani wa kuingia vyuo vya meno nchini Canada ulikuwa na sehemu ya kuchonga kipande cha sabuni kwa kisu. Sabuni ya kipande inauzwa hata Sigalame.

Kuhusu lile shamba

Mzee wako, binti yangu, anakupenda, na ndiyo maana nitasema wazi. Asiuze shamba kwa neno la mtu wa Malaba.

Kwenda Uganda si kosa. Wakenya wa Busia na Malaba wamevuka kwenda kusoma kwa miaka mingi, na Makerere ni chuo cha heshima. Lakini Makerere si mahali ambapo hawaangalii alama. Mkenya mwenye KCSE kwa kawaida hupitia kwanza kidato cha tano na cha sita kule, baada ya cheti chake kulinganishwa na baraza la mitihani la Uganda. Na katika kuchagua wanafunzi wa meno, Biolojia na Kemia ndizo hupewa uzito mkubwa kuliko masomo mengine. Hiyo ni miaka miwili zaidi ya kazi ngumu, na mwishoni mtihani mwingine. Anayekwambia kuna njia ya mkato anazungumzia mahali pengine.

Swali la kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja ni hili: je, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya, KMPDC, linakitambua chuo hicho na kozi hiyo, na litanipokea nikihitimu? Baraza hilo ndilo linalosajili. Shahada isiyotambuliwa nalo haimruhusu mtu kung'oa hata jino la utotoni linalotikisika. Barua iulizwe kwa maandishi na jibu litolewe kwa maandishi, lihifadhiwe pamoja na hati ya shamba. Mtu wa Malaba akisema hakuna haja ya kuuliza, hapo mzee ajue amekutana na dalali.

Kuna njia nyingine ya kulipa, nayo ni ya halali. Kwa kuwa ametimiza B zote nne, anaweza kuomba nafasi ya kujilipia hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa namna hiyo mwaka wa 1998. Lakini udaktari wa meno ni miongoni mwa kozi za gharama kubwa kuliko zote, na juu ya karo kuna vifaa ambavyo mwanafunzi hununua mwenyewe. Mzee achukue bei ya shamba, aigawe kwa miaka mitano, kisha aone kama kila mwaka unatosha. Ikiwa shamba linalipa mwaka wa kwanza na wa pili tu, basi atauza ardhi na mtoto atarudi nyumbani akiwa hana shahada wala shamba. Nusu ya kozi hii haina cheti.

Mwisho kuna chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, ambacho wengi hukisahau kwa sababu kinatoa diploma. Pale hufundishwa maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, kozi ya miaka mitatu, na mafundi wa kutengeneza meno ya bandia. Katika hospitali nyingi za mashambani, mtu wa kwanza kukuangalia kinywa ni afisa huyu, si daktari wa meno. Yeye husafisha, huziba matundu, hung'oa meno ya kawaida na kuwafundisha watoto shuleni. Kwa alama za huyu msichana naona shahada ya maabara ingemfaa zaidi. Lakini kama moyo wake uko kwenye vinywa vya watu na si kwenye darubini, basi afikirie kwa makini. Baada ya miaka mitatu atakuwa kazini, akipokea mshahara, na mwenye diploma nzuri ya afya anaweza naye kuomba kuingia shahada ya udaktari wa meno, akiwa tayari na mikono iliyozoea.

Ningekuwa babake, juma hili ningefanya mambo mawili. Ningemtuma chuoni alikoitwa aulize kama nafasi ya kuhamia maabara ya tiba au baiokemia ingalipo, na siku ya mwisho ya kuomba ni ipi, kwani dirisha hilo hufungwa mapema. Na ningeliacha shamba lipandwe mahindi msimu huu.

Kuhusu mdogo wako anayeingia Gredi ya 10: kundi lake ndilo la kwanza kuingia sekondari ya juu ya mtaala mpya, mwaka wa 2026, nao watamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Watakuwa na masomo matatu tu ya kuchagua, juu ya yale ya lazima. Ikiwa naye anafikiria kazi ya tiba, aende njia ya sayansi na achague Biolojia, Kemia na Fizikia. Kabla ya kukubali shule aulize kama shule hiyo ina walimu wa masomo hayo matatu na maabara inayofanya kazi, maana si kila shule inayotoa kila mchanganyiko. Na umwonyeshe matokeo yako. Mwonyeshe ile B ya Hisabati, na umwambie ni somo gani lingekaa mahali pake kama usingeliacha.